Moto na Maji Kwanza, Viungo Baadaye: Mwongozo wa Kupika Wali wa Nazi, Maharage, Samaki na Mchicha

Maswali ni yale yale. Mbona wali wangu juu una kiini na chini umeungua? Maharage yako jikoni tangu asubuhi na hayaivi, nifanyeje? Tui limekatika, nimwage? Samaki ameganda kwenye karai, nikimgeuza anabaki vipande. Wanaouliza ni wanafunzi waliohamia geto, vijana walioanza maisha, akina baba waliobaki na watoto nyumbani, na hata watu waliopika miaka mingi lakini kila siku wanabahatisha.

Mtu akiharibikiwa na chakula, kinachofuata ni kukimbilia dukani kuongeza viungo: paketi hii ya mchuzi, kile kipande cha supu. Mara nyingi ladha haikuwa tatizo. Moto ulikuwa mkali mno, au ulipunguzwa mapema, au maji yalikadiriwa kwa macho, au nyanya ilitiwa kabla ya zamu yake. Viungo haviwezi kuivisha wali wenye kiini.

Kwa hiyo tufuate mlo mmoja wa mchana wa watu wanne, tangu usiku wa kuamkia siku ya kupika hadi chakula kinapopakuliwa. Nimeuchagua huu kwa sababu ndani yake mna kuchemsha, kuunga, kupalia na kukaanga. Ukiuweza, mapishi mengine hayatakutisha.

MAHITAJI

Vyakula:
- Mchele nusu kilo
- Maharage makavu robo kilo
- Nazi 2 kubwa zilizokomaa
- Samaki 4 wa kiasi cha sahani (changu, tasi, sato, perege, chochote kilicho kibichi siku hiyo)
- Mchicha mafungu 3
- Vitunguu maji 4, nyanya 4 zilizoiva, kitunguu saumu kichwa 1, tangawizi kipande
- Ndimu 3, chumvi, pilipili manga
- Mafuta ya kupikia nusu lita

Vyombo: sufuria nzito ya wali yenye mfuniko unaokaa vizuri, sufuria nyingine ya maharage, karai au kikaango, mwiko, upawa, chujio, kisu kikali, mbuzi ya nazi au blenda, na kikombe kimoja cha kupimia. Nasisitiza kimoja. Ukipima mchele kwa kikombe cha chai na maji kwa bilauri, hujapima.

Sufuria nyembamba ya alumini ndiyo chanzo cha ukoko mwingi unaolaumiwa kwa mpishi, hasa kwenye gesi, kwa sababu moto unapiga sehemu moja. Kama huna nzito, weka chuma cha chapati juu ya jiko halafu sufuria juu yake, moto utasambaa.

Na kabla ya yote: jiko la mkaa liwashwe nje au mahali penye hewa ya kutosha. Usiliingize chumbani likiwa na moto, hata mvua ikinyesha, hata kama makaa yanaonekana yamefifia. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu hufa nayo wakiwa usingizini. Kwa gesi, ukisikia harufu usiwashe kiberiti wala swichi ya taa. Funga mtungi, fungua milango na madirisha.

USIKU WA KUAMKIA SIKU YA KUPIKA

1. Chambua maharage. Yamwage kwenye ungo au sinia, uondoe mawe, yaliyotobolewa na yaliyosinyaa. Ukinunua, muulize muuzaji kama ni ya msimu huu. Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu, hasa mahali penye joto na unyevunyevu, hugoma kulainika hata uyachemshe siku nzima. Hilo si kosa lako la jikoni. Ulilibeba kutoka sokoni.

2. Yaroweke. Tia maji mengi, mara tatu ya ujazo wa maharage, kwa saa 8 hadi 12. Weka na kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwenye maji hayo. Husaidia ganda kulainika. Wengi tumefundishwa kwamba chumvi huyafanya maharage kuwa magumu, lakini chumvi haina hatia hapa. Kama unakaa mahali pa joto kali, badilisha maji kabla ya kulala au yaweke kwenye friji, la sivyo asubuhi utakuta povu na harufu ya uchachu.

SIKU YENYEWE

3. Mwaga maji ya kurowekea, suuza, bandika kwa maji mapya. Maji yazidi maharage kwa vidole vinne. Washa moto mkali mpaka yatokote kwa nguvu, na yaendelee kutokota hivyo kwa dakika 10 kwa uchache; ukiyaachia dakika 30 ni salama zaidi.

Hapa usifanye mzaha. Maharage mabichi, hasa yale mekundu makubwa, yana sumu yake ya asili ambayo huharibiwa na mchemko wa nguvu. Ukiyaweka kwenye moto mdogo tangu mwanzo, yanaweza kulainika na sumu ikabaki, na wanaoyala wakaanza kutapika na kuharisha saa chache baadaye. Kwa hiyo usionje punje kuangalia kama yameiva kabla mchemko huo haujapita.

4. Sasa punguza moto, funika ukiacha upenyo, yaive taratibu. Yaliyorowekwa vizuri huchukua kati ya saa moja na saa moja na nusu. Maji yakipungua ongeza ya moto. Ya baridi yatakata mchemko na kukurudisha nyuma.

Kosa kubwa katika hatua hii ni kutia nyanya, ndimu au ukwaju wakati maharage bado magumu. Ukali wa vitu hivyo huzuia ganda kulainika. Mtu anachemsha saa tatu, anamaliza mkaa, anayalaumu maharage, kumbe nyanya aliitia mwanzoni ili «yaive pamoja». Nyanya ina zamu yake, tutaifikia.

Magadi je? Ni kweli hulainisha upesi. Lakini huharibu vitamini B1 iliyomo na ukizidisha kidogo tu maharage yanaonja kama sabuni. Mimi siyatumii. Kuroweka kunatosha.

Kujua kama yameiva, chota punje tano kutoka sehemu tofauti za sufuria, zibonyeze moja moja kwa vidole. Zote zipondeke bila kubaki na chembe ngumu katikati. Punje moja iliyoiva haizungumzii sufuria nzima. Yakifika hapo, tia chumvi kidogo na uepue.

5. Tengeneza tui wakati maharage yanachemka. Pasua nazi, ukate kipande kidogo ukionje kabla ya kuanza kukuna. Nazi iliyochacha hata moja inatosha kuharibu sufuria nzima, na hakuna kiungo kitakachoifunika. Ukikuna, ukikaribia kifuu acha; ile ngozi ya kahawia hulipa tui rangi chafu. Kama unatumia blenda, menya ngozi hiyo kwa kisu, katakata nyama ya nazi vipande vidogo na usage kwa maji ya uvuguvugu.

Mkamuo wa kwanza tia maji kidogo tu, upate kama vikombe viwili vya tui zito. Liweke kwenye bakuli lake. Rudia machicha kwa maji zaidi upate vikombe vinne au vitano vya tui jepesi. Usiyachanganye. Kila moja lina kazi na wakati wake, na anayeyachanganya ndiye baadaye analalamika kwamba wali una nazi lakini hauna harufu ya nazi. Ukitumia tui la kopo, litikise kwanza, kisha lihesabu kuwa ndilo zito. Jepesi utalipata kwa kuongeza maji kwenye sehemu yake.

6. Andaa samaki. Sokoni angalia macho yawe maangavu, matamvua yawe mekundu, na nyama ukiibonyeza irudi. Mparue magamba, toa matumbo na matamvua yote, mchanje mbavuni mara mbili tatu kila upande. Mpake chumvi, saumu na tangawizi vilivyotwangwa, pilipili manga na ndimu moja. Dakika 20 hadi 30 zinatosha. Ukimlaza kwenye ndimu tangu asubuhi, nyama hugeuka nyeupe na kulegea kabla hata hajaona moto, na kwenye karai atamung'unyuka.

Kisu na ubao uliotumia kwa samaki uoshe kwa sabuni na maji ya moto kabla ya kukatia kitu kingine. Kachumbari haipiti motoni. Chochote kitakachotoka kwa samaki kitaishia tumboni kikiwa hai.

7. Unga maharage. Huu ndio mtihani wa kweli wa mpishi, na mafunzo yake yanafaa kwa mchuzi wowote. Weka mafuta vijiko vitatu vya mezani, moto wa wastani, tia vitunguu viwili vilivyokatwa vyembamba. Koroga, subiri. Dakika 8 hadi 10. Kwanza vitatoa maji na kulainika, halafu sauti ya mafuta itabadilika, iwe kali na kavu zaidi, na kingo za vitunguu zianze rangi ya dhahabu. Ukisikia sauti hiyo, tia saumu iliyotwangwa, koroga dakika moja tu. Ndipo unatia nyanya mbili zilizokatwa au kukwaruzwa, na chumvi kidogo. Zipike mpaka zirojeke na uone mafuta yanajitenga pembeni mwa sufuria.

Kosa: kutia vitunguu, saumu na nyanya kwa pamoja. Nyanya imejaa maji, kwa hiyo vitunguu vitachemka badala ya kukaangika, na mchuzi utabaki na ladha ya kitunguu kibichi hadi mwisho. Kosa la pili ni saumu kutangulia vitunguu. Huungua upesi, na saumu iliyoungua ni chungu.

Sasa mimina maharage na supu yake kiasi, tia kikombe kimoja na nusu cha tui jepesi, yachemke dakika 10. Ponda punje chache kwa mgongo wa upawa ili mchuzi ushike. Mwisho tia kikombe kimoja cha tui zito, punguza moto, koroga taratibu upande mmoja bila kuacha mpaka lianze kuchemka polepole. Dakika tano, epua.

Tui hukatika kwa sababu tatu: moto mkali, kuachwa bila kukorogwa, au kutiwa ndimu likiwa bado linatokota. Usifunike sufuria tui zito likiwa bado halijachemka. Ukitaka ndimu, iende mezani.

8. Chagua mchele na uuoshe. Toa mawe na chuya. Osha mara tatu au nne mpaka maji yakaribie kuwa maangavu; ule unga mweupe unaotoka ndio gundi inayoshikanisha wali. Kama ni basmati au pishori, uroweke dakika 20 kisha uchuje. Mchele wa kawaida, osha na uchuje tu.

9. Pima maji kwa kufuata mchele ulio nao. Hakuna kipimo kimoja cha mchele wote, na hapa ndipo wengi wanapotea, maana wanafuata kipimo cha jirani anayepika mchele mwingine. Mchele wa zamani, mkavu, hunywa maji: kikombe kimoja cha mchele kwa vikombe viwili vya tui na maji. Mchele mpya uliotoka shambani, uwe wa Kyela, wa Kahama au wa Mwea, bado una unyevu: kikombe kimoja na nusu hadi kimoja na robo tatu. Uliorowekwa nao hupunguziwa hivyo hivyo. Nusu kilo itakupa takriban vikombe viwili na nusu, kwa hiyo kimiminika chote, tui zito likiwemo, ni kati ya vikombe vinne na vitano.

Ukinunua gunia jipya au ukibadilisha duka, pika kikombe kimoja kwanza siku ya kawaida ujue tabia yake. Usijaribu mchele usioujua siku ya wageni.

10. Bandika tui jepesi lililobaki na chumvi (kipimo kisipofika, jazia maji), koroga mpaka lichemke, tia mchele. Koroga mara moja usigande chini, kisha uache. Moto wa wastani, bila kufunika. Unapoona vijishimo juu ya mchele na kimiminika kimekaribia kukauka, mimina tui zito lililobaki, kikombe kimoja, uchanganye taratibu kwa mwiko ukitoa chini kupeleka juu, mara mbili tatu basi.

Anayekoroga wali kila dakika anavunja punje na kutoa wanga, na matokeo yake ni bokoboko. Mikono yako ikiwasha, nenda kamenye vitunguu.

11. Palia. Kwa mkaa: punguza makaa chini yabaki machache, funika, weka makaa ya moto juu ya mfuniko. Dakika 15 hadi 20. Makaa ya juu ndiyo yanayokausha unyevu na kuivisha punje za juu, na ndiyo sababu wali wa mkaa una sifa yake. Kwa gesi: moto mdogo kabisa, chuma cha chapati chini ya sufuria, kitambaa safi au karatasi ya alumini kati ya sufuria na mfuniko ili mvuke usitoroke (ncha za kitambaa zikunjwe juu, mbali na moto). Kwa oveni: nyuzi 150, dakika 20.

Usifunue kila mara kuchungulia. Ukifunua unatoa mvuke, na mvuke ndio unaopika saa hiyo.

Ukishaepua, uache umefunikwa dakika 10 nyingine kabla ya kuuchambua. Wali unaopakuliwa ukiwa umetoka motoni hivi sasa hushikana. Ukitulia, punje huachiana zenyewe.

12. Kaanga samaki. Mtoe kwenye viungo, mkung'ute, mfute kwa kitambaa safi au karatasi ya jikoni mpaka akauke nje. Hili watu hawalifanyi, na ndilo linaloamua kama ataganda au hataganda. Maji juu ya ngozi hupoza mafuta na kuyarusha.

Mafuta yafike nusu ya unene wa samaki. Kujua yamepata moto, chovya ncha ya mwiko mkavu wa mti: vipovu vidogo vikizunguka mara moja, tayari. Yakitoa moshi, yamezidi. Ondoa motoni kidogo. Mlaze samaki akianzia upande wako kuelekea mbali, mafuta yasikurukie. Wasizidi wawili kwa mara moja, wakijaa mafuta hupoa na wanachemka badala ya kukaangika.

Halafu usimguse. Dakika nne au tano. Mtu anamtia samaki, baada ya nusu dakika anamsukuma, ngozi inabaki kwenye chuma. Ngozi ikishakauka na kupata rangi huachia yenyewe. Ukitikisa karai kidogo utamwona anateleza. Mgeuze mara moja tu. Ameiva pale nyama ya kwenye michanjo imekuwa nyeupe hadi mfupani na inaachia mfupa kwa urahisi.

Mafuta yakishika moto, usimwagie maji kamwe. Moto utaruka hadi dari. Zima jiko kama unafikia, funika karai kwa mfuniko au sinia ya bati, uache hapo hapo mpaka lipoe. Usilibebe kukimbia nalo nje.

13. Mchicha uwe wa mwisho. Uoshe kabla ya kukata, mara kadhaa, ukiunyanyua kutoka kwenye maji ili mchanga ubaki chini. Kitunguu kimoja kwenye mafuta kidogo, nyanya ukitaka, kisha mchicha, moto wa juu, bila kufunika, bila kuongeza maji. Maji yake mwenyewe yanatosha. Dakika tatu hadi tano, ukiwa bado kijani. Chumvi tia mwisho. Sufuria iliyojaa mchicha hunywea ikabaki robo, na chumvi iliyokadiriwa kwa macho mwanzoni itakuwa mara nne.

Kama una jiko moja tu, mpango uwe hivi: maharage yachemshwe na kuungwa kwanza, yawekwe pembeni yamefunikwa. Kisha wali. Ukifika kwenye kupalia, kama ni mkaa, hamishia makaa machache kwenye kitako cha jiko kuukuu au kwenye mawe matatu, uweke wali hapo na makaa juu, jiko lako libaki huru kwa samaki na mchicha. Kwa gesi, palia hadi mwisho, kisha uifunge sufuria kwa blanketi au taulo nene; itakaa na moto wake zaidi ya nusu saa wakati unakaanga. Maharage yapashe mwisho kwa moto mdogo.

KIPORO

Kiporo cha wali na chai ya asubuhi ni kitamu, sitaki kukunyima. Lakini kuna vijidudu ambavyo mbegu zake haziuawi na mchemko wa kawaida. Wali ukiachwa sufuriani usiku kucha kwenye joto, huamka, huzaana na kutoa sumu ambayo hata ukiupasha moto haiondoki. Kwa hiyo wali uliobaki uutandaze kwenye chombo kipana upoe upesi, uingie kwenye friji ndani ya saa mbili, na uliwe kesho yake ukiwa umepashwa mpaka utoe mvuke. Kama huna friji, pika unaoisha. Maharage ya nazi nayo huchacha upesi kuliko yasiyo na nazi. Ukijua yatabaki, gawa kabla ya kutia tui, sehemu ya kesho uihifadhi bila nazi kwenye friji.

YAKIHARIBIKA, FANYA HIVI

Wali una kiini. Nyunyiza robo kikombe ya maji ya moto, si ya baridi, toboa toboa kwa mpini wa mwiko ili yashuke, funika, moto mdogo kabisa dakika 10. Rudia ikibidi.

Wali umekuwa bokoboko. Funua mara moja, umwage kwenye sinia pana, uuache upoe na kutoa mvuke. Utakaza kidogo. Ukiwa umepita hapo, ongeza tui na sukari, uwe uji wa mchele wa watoto.

Wali umeungua chini. Usikoroge wala kukwangua. Hamishia wa juu kwenye sufuria nyingine ukiacha sehemu iliyo karibu na ukoko, uache wazi dakika chache harufu itoke.

Tui limekatika. Linalika, usimwage. Epua, tia vijiko vichache vya tui zito ambalo halijapikwa, koroga kwa nguvu, upashe taratibu bila kutokotesha. Kwenye maharage, ponda punje zaidi. Yatashika mafuta yaliyojitenga. Halitarudi kama mwanzo, ila mezani halitaonekana sana.

Maharage yamegoma kulainika. Jiulize kama ulitia kitu kikali. Kama hukutia, ni ya zamani. Sufuria ya presha husaidia mara nyingi. Yakikataa hata hapo, usiyale yakiwa na kiini kigumu. Siku nyingine badilisha muuzaji.

Chumvi imezidi. Ushauri wa kutia kiazi unazunguka kila mahali. Kiazi hunywa mchuzi wenye chumvi kama ulivyo, na kinachobaki sufuriani kina chumvi ile ile. Kinachosaidia ni kuongeza visivyo na chumvi: tui, maji ya moto, maharage mengine yaliyochemshwa. Na wali wa siku hiyo usiutie chumvi kabisa. Kwa hiyo onja maharage kabla ya kubandika tui la wali.

Vitunguu vimeungua. Mwaga, osha sufuria, anza upya. Uchungu huo hautolewi na nyanya wala sukari, na vitunguu viwili ni hasara ndogo kuliko sufuria ya maharage.

Samaki ameganda. Mwache dakika mbili zaidi, kisha mpitishie mwiko bapa chini yake kuanzia mkiani. Akikatika, geuza mpango: tengeneza mchuzi wa vitunguu, nyanya na tui, umtie humo vipande vipande dakika tano.

Mchicha umejaa maji. Ongeza moto, usifunike, uusogeze pembeni maji yakauke katikati ya sufuria, halafu uchanganye.

Maharage yamekuwa mazito mno baada ya kupoa. Hiyo ni kawaida, wanga wake hukaza. Ongeza maji ya moto kidogo kidogo ukikoroga kwa moto mdogo, kisha onja chumvi tena.